Kampuni ikishindwa kulipa VAT, mkurugenzi aguswe?

Duka la vifaa vya ujenzi Kisumu likiuza mabati ya shilingi 100,000, mteja hulipa 116,000. Zile 16,000 ni VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na ukitoa VAT ambayo duka lenyewe lililipa liliponunua mzigo, zinatakiwa kufika KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye duka akizinunulia mzigo mwingine, kisha kampuni ikaanguka, nani alipe?

Wakurugenzi wengi watajibu: kampuni. Wana msingi, maana tangu kesi ya Salomon kule Uingereza mwaka 1896, kampuni ni mtu anayejitegemea kisheria. Lakini kifungu cha 18 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinasema wakuu wa kampuni wakifanya mpango wenye nia, au hata matokeo tu, ya kuifanya ishindwe kulipa kodi, waliokuwa wakurugenzi wakati huo wanaweza kudaiwa wao wenyewe, na kila mmoja akadaiwa deni zima.

Anayehamishia stoo na wateja kwenye kampuni mpya ng'ambo ya barabara, akaiachia ile ya zamani madeni, simwonei huruma. Pesa hazikuwa zake. Na mwenzake wa Kibuye anayelipa VAT kila mwezi atashindana naye vipi kwa bei?

Kinachonitia wasiwasi ni hayo "matokeo". VAT huiva ankara inapoandikwa au bidhaa zinapotolewa, hata kama mnunuzi hajalipa senti. Waliowahi kuiuzia kaunti wanalijua hilo: hundi haionekani, riba ya kodi inapanda asilimia 1 kila mwezi. Mkurugenzi aliyelipa vibarua kwanza alikula njama? KRA ionyeshe mpango wenyewe na waliofaidika, isikimbilie jina la kwanza kwenye fomu ya usajili.

Tena majina mengine yamo kwenye fomu kwa sababu ya fomu tu. Kabla ya Sheria ya Kampuni ya 2015, kampuni binafsi ilihitaji wanachama, yaani wenye hisa, wawili, basi wengi wakamwandika mke, mara nyingi akawa mkurugenzi pia. Kifungu kinamkinga ambaye hakuendesha biashara, hakujua mpango na hakufaidika. Hapo kwenye kufaidika ndipo pagumu: ada ya watoto ikitoka kwenye akaunti ya kampuni, amefaidika au hakufaidika? Bunge lingeandika wazi kwamba matumizi ya kawaida ya nyumbani hayahesabiwi.