Lipieni daftari kabla ya ripoti

Niliwahi kufanya kazi ya muda ya kukusanya takwimu za utafiti wa biashara ndogo. Dodoso lilikuwa na kurasa 11, na swali lililonitoa jasho lilikuwa lile la mauzo ya mwezi uliopita. Mama mmoja muuza nguo alinisikiliza, akatulia, kisha akauliza: "Mwanangu, nihesabu na zile nilizotoa nikalipia ada?" Sikuwa na jibu. Nikampigia msimamizi wangu, naye akasema niandike namba yoyote inayokaribiana. Nikaandika.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia kiongozi akisema "utafiti umeonyesha", mawazo yangu yanakwenda kwa yule mama na ile namba yangu ya kukisia.

Kuna waliolichukua swali hilo kwa uzito unaostahili. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff walifanya majaribio Sri Lanka ili wajue namna nzuri ya kumuuliza mfanyabiashara mdogo habari za fedha zake. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba wenye biashara hutaja mapato pungufu kwa takriban asilimia 30, na kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja amepata faida kiasi gani kunaleta jibu sahihi kuliko kumhoji mauzo na matumizi kimoja kimoja. Kurasa zangu 11 zilikuwa na swali la kila kitu isipokuwa hilo.

Kwa hiyo mimi ni muumini wa serikali kuwapa wanazuoni fedha za kuchunguza sera za biashara ndogo. Hoja ya kwamba fedha hizo zigawiwe wafanyabiashara wenyewe inapigiwa makofi sana, lakini inasahau kwamba fedha zimekuwa zikigawiwa muda wote. Mikopo midogo ilisifiwa kwa miongo kadhaa kama dawa ya umaskini. Mwaka 2015 zilipochapishwa kwa pamoja tafiti za nchi 6, zikiwemo Ethiopia, India na Morocco, ikaonekana kwamba mikopo hiyo inasaidia kidogo lakini haibadilishi maisha kwa kiwango kilichokuwa kikihubiriwa. Hayo yangeweza kujulikana mapema.

Ninachokipinga ni namna fedha za utafiti zinavyotumika. Tunapenda ripoti. Ripoti ina jalada, ina siku ya uzinduzi, ina waziri wa kupigwa naye picha. Daftari la takwimu linalojazwa mwaka baada ya mwaka halina sherehe yoyote, na ndilo linalosema kweli.

Tazama yaliyotokea Marekani. Mwaka 1979 David Birch, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT, alitoa utafiti uliolipiwa na idara moja ya Wizara ya Biashara, akieleza kwamba kampuni zenye wafanyakazi 20 au pungufu ndizo zilizoleta asilimia 66 ya ongezeko la ajira kati ya 1969 na 1976. Wanasiasa wa kila upande waliidaka kauli hiyo wakaigeuza wimbo, na sera nyingi zikajengwa juu yake. Wachumi walianza kuitilia shaka, lakini shaka bila takwimu ni maneno tu. Jibu lililonyooka lilipatikana mwaka 2013, pale John Haltiwanger, Ron Jarmin na Javier Miranda walipotumia kumbukumbu za Ofisi ya Sensa, zinazofuatilia kampuni moja moja tangu 1976. Wakaona kwamba ukishazingatia umri wa kampuni, udogo wake hauelezi tena ukuaji wa ajira. Zinazoongeza ajira kwa kasi ni kampuni changa, ambazo nyingi huwa ndogo, na nyingi pia hufa mapema. Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao: ruzuku ya anayeanza si sawa na ruzuku ya aliyebaki mdogo kwa miaka 20.

Tena kuna suala la nani anashika mfuko. Hukohuko Marekani, ofisi ya serikali yenye jukumu la kuwatetea wafanyabiashara wadogo ililipia utafiti wa mwaka 2010 uliosema gharama ya kanuni za serikali imefika dola trilioni 1.75 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya namba hiyo ilitokana na vipimo vya maoni ya watu kuhusu ubora wa kanuni, na watafiti wa Bunge lao wakaichambua vikali. Sisemi kulikuwa na hila. Nasema mtetezi akimlipa mpimaji, hata kipimo sahihi kitatazamwa kwa jicho la pembeni.

Mfano ninaoupenda unatoka Nigeria. Serikali ilipoanzisha mwaka 2011 YouWiN!, shindano la mipango ya biashara ambalo washindi wake walipewa ruzuku, ilikubali jambo ambalo wanasiasa wengi hulikimbia: zaidi ya washindi 700 kati ya 1,200 walipatikana kwa kura ya bahati nasibu miongoni mwa waliofika nusu fainali. Kura hiyo ndiyo iliyomwezesha McKenzie kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Miaka 3 baadaye ilionekana wazi kwamba waliopata walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa na biashara hai na ya kuajiri watu 10 au zaidi. Mlango wa utafiti ulifunguliwa kabla fedha hazijatoka, si baada ya kuliwa.

Mkataba wa utafiti ningeuandika mimi, ungekuwa mfupi. Mtafiti achapishe matokeo bila kuomba ruhusa, yawe matamu au machungu. Fedha zidumu miaka 5 angalau, maana biashara haifi wala haikui kwa kufuata mwaka wa bajeti. Kumbukumbu za leseni na kodi zifunguliwe kwa watafiti baada ya kuondolewa majina. Na kiwepo kifungu kinachosema nani atarudi kwa aliyejibu dodoso, kumweleza kilichopatikana.

Yule mama aliniuliza nitarudi lini. Nilimwambia karibuni.