Hadithi za wahamiaji darasani: nani aanze kusimulia?

Wanaotaka hadithi za wahamiaji na wakimbizi zifundishwe shuleni wana hoja nzito, na Tanga inaipa nguvu kuliko mikoa mingi. Mkonge wenyewe ni mgeni: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Waliokuja kuukata nao walitoka mbali. Kuanzia 1944, SILABU, chombo cha wenye mashamba, kilikusanya vibarua Njombe, Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi, wakaletwa huku kwa mkataba, wakaitwa manamba. Wengi hawakurudi kwao. Wajukuu wao leo wanakaa dawati moja na Wadigo, Wabondei na Wasambaa, lakini darasani mkonge unatajwa kuwa zao la biashara, basi.

Halafu kuna Handeni, wilaya ya mkoa huuhuu. Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19 walifikishwa Somalia, na vizazi vyao vikaishi bonde la mto Juba bila kukiacha Kizigua. Vita vya 1991 viliwakimbiza, baadhi wakarejea huku, wakapewa makazi Chogo na baadaye uraia. Mtoto anayedhani mkimbizi ni mtu wa mbali asiyemhusu, atasemaje akisikia mkimbizi anaongea lugha ya bibi yake?

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Mwalimu akimwambia mtoto, "Simama utueleze kwenu ni wapi," yeye anaona amefungua mazungumzo. Wakati wa mapumziko ndipo utasikia, "Manamba huyo!" Nyumbani nako, mahali alikozaliwa babu si swali la darasani tu. Mtoto akipewa kazi ya kuandika asili ya ukoo, mzazi aliyewahi kuhojiwa uraia wake atamwambia ajibu, "Sisi ni wa hapahapa," na mtoto ataandika uongo ili apate alama. Waliokimbia vita wana mzigo mwingine: kuwataka wasimulie ni kuwatonesha kidonda, na mwalimu mwenye watoto 80 hana nafasi ya kukaa na mmoja anayelia.

Mimi naegemea kwa wanaotaka zifundishwe, kwa sharti moja: hadithi ianzwe na mwalimu. Asimulie habari za SILABU na za Chogo, watoto waulize kibarua yule alibeba nini, alimwacha nani, alilipwaje. Awageukie na wenyeji pia, maana nyumba ngapi za Tanga hazina mtu aliyekwenda kutafuta maisha Mombasa au Uarabuni?

Kuna watakaosema huko ni kukwepa, kwamba habari ya jirani aliye hai inagusa kuliko ya vitabuni. Ni kweli inagusa. Basi mtoto akinyoosha mkono mwenyewe, "Babu yangu naye alikata mkonge Korogwe," apewe nafasi amalize. Ila ile kazi ya nyumbani ya kuandika asili ya ukoo na kuisoma mbele ya wenzake ningeifuta kabisa. Anayetaka kuandika aandike, mwalimu asome peke yake, daftari limrudie mwenyewe.