Jioni Mahesabu: Teksi ya Malindi na Safari ya Kurudi Bila Abiria

Juzi nilishuka uwanja wa ndege wa Malindi nyuma ya binti mmoja aliyetoka Nairobi. Mzee wa teksi akamtajia bei ya kwenda Watamu. Binti akamwonyesha kioo cha simu: programu ya kuitia teksi inasema karibu nusu ya hiyo. Mzee hakukasirika. "Mwanangu, hiyo simu imekuhesabia kwenda. Kurudi kwangu nani anahesabu?" Binti akacheka, akavuta begi lake hadi kivulini kungoja gari la simu.

Swali la yule mzee ndilo lililonikalisha kuandika. Kila mjadala wa teksi ukizuka, utasikia kuwa wenye steji, yaani madereva wanaongoja abiria kituoni, ni walafi, programu ni mkombozi na serikali imelala. Hayo mawili ya mwisho nitayafikia. Hilo la kwanza limenichosha.

Historia tunaijua, nisiirudie sana. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Mombasa mwaka uliofuata, Taxify ambayo leo ni Bolt ikaja nyuma yake, na mapema 2016 magari ya Uber yakachomwa moto Nairobi. Ugomvi huo ulizaliwa katika jiji la watu mamilioni, ambako dereva akimshusha abiria Westlands anampata mwingine kabla hajageuza gari. Bei ya programu imejengwa juu ya jambo hilo moja: kwamba safari hufuatwa na safari. Likiwepo, bei ya chini inamlipa dereva. Lisipokuwepo, kuna mtu anaigharamia bei hiyo mfukoni mwake, na mtu huyo si abiria wala si kampuni.

Tufanye hesabu. Tarakimu ni za mfano, lakini njia ni ile ile unayoipita wewe. Kutoka mjini hadi Watamu, ukikata kushoto pale Gede, ni kilomita 24 hivi. Chukua gari dogo linalokwenda kilomita 12 kwa lita, na lita iwe shilingi 180. Programu imempa dereva safari ya shilingi 1,000. Kampuni inakata asilimia 18, zinabaki 820. Kwenda ni lita mbili, shilingi 360. Kama kuna abiria anayemngoja Watamu, dereva ana 460 mkononi na safari nyingine mbele yake. Hiyo ni kazi. Kama hakuna, anarudi na gari tupu, lita mbili nyingine zinateketea, na katika ile elfu moja amebakiwa na shilingi 100. Mia moja! Hapo bado hujagusa bima, matairi, wala hesabu ya tajiri, kwa sababu wengi wa hawa gari si lao, na tajiri jioni haulizi kama abiria walikuwepo.

Mzee wa steji akisema 2,000, anatoa petroli ya kwenda na kurudi, shilingi 720, anabaki na 1,280. Ukiitazama safari hiyo peke yake, utasema ni wizi. Lakini muulize alipata safari ngapi wiki ile. Ndani ya ile 1,280 mna asubuhi aliyokaa chini ya mwarobaini tangu saa kumi na mbili, mna ndege iliyotua na abiria wote wakachukuliwa na magari ya hoteli, na mna mwezi wa Mei. Bei yake ni ya kukaa pale, iwe kuna safari au hakuna.

Mei si kitu kidogo Malindi. Wanaokuja Desemba hawaujui mji huu masika yakikaza, kusi ikivuma, nusu ya hoteli za Casuarina zimefunga milango na mlinzi amebaki na paka. Zamani mtalii wa Kitaliano alikuwa akija kaskazi nzima, anakaa miezi, ana dereva wake anayemjua kwa jina na anayempelekea barua benki. Mteja huyo amepungua. Aliyekuja badala yake ni Mkenya wa siku tatu, hasa tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria hadi Mombasa mwaka 2017. Anakuja na simu yake na bei aliyoizoea Kilimani, Nairobi. Simlaumu. Ila anapolinganisha, analinganisha mji usiolala na mji unaolala nusu mwaka.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kidogo. Programu ikipandisha bei mkesha wa mwaka mpya kwa sababu wateja wamezidi magari, tunaambiwa hilo ni soko. Mzee wa steji akipandisha usiku huo huo, kwa sababu hiyo hiyo, tunaambiwa ana tamaa.

Haki itendeke pia upande wa pili. Steji zetu zina dhambi zao. Kuna bei ya uso: mgeni mweupe anatajiwa yake, wa bara yake, mwenyeji yake, na hakuna ubao wowote wa bei wa kumkatalia dereva. Kuna ufunguo wa kuingilia, kwani kijana mwenye gari halali na leseni halali hawezi kuegesha tu na kuanza kazi, lazima kwanza akubaliwe na waliotangulia, na kukubaliwa kuna gharama. Kijana huyo programu imemfungulia mlango ambao wazee walimfungia. Tena kuna dada anayetoka kazini saa sita usiku. Kwake ile simu inayomwonyesha jina la dereva, namba ya gari na njia inayofuatwa ni zaidi ya kubana senti. Steji inayotaka kupendwa ingejifunza hayo bila kungoja kulazimishwa. Na Desemba, gari linaposhusha Watamu na kupakia papo hapo, hoja ya yule mzee inalegea. Wakati huo kuna anayelipia kurudi kwake, naye bado anataja 2,000.

Sasa serikali. Kusema imelala ni kuionea. Kanuni za mwaka 2022 za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ziliziwekea kampuni mpaka: zisikate zaidi ya asilimia 18 ya nauli. Kabla ya hapo Uber ilikuwa ikikata 25 na Bolt 20. Uber ilikwenda mahakamani kuzipinga. Oktoba 2023 NTSA ikakataa kuihuisha leseni ya Bolt hadi malalamiko ya madereva kuhusu makato yashughulikiwe. Huo si usingizi.

Tatizo ni kilichopimwa. Asilimia 18 inapima kipande anachokata kampuni, haipimi ukubwa wa mkate wenyewe. Kampuni ikishusha nauli ili kuvuta wateja, imetii kanuni barabara, na dereva amebaki na asilimia 82 ya kitu kisichojaza tangi. Madereva wa programu wenyewe waliliona hilo kabla ya wachambuzi. Mwaka 2024 waligoma Nairobi, kisha wengi wakabandika ndani ya magari karatasi za bei walizopanga wenyewe, wakawaambia abiria walipe hizo badala ya zile za kwenye simu. Yaani dereva wa programu, aliyeletwa kuivunja bei ya steji, ameishia kumwambia abiria maneno ya yule mzee wa uwanja wa ndege.

Wanaosema basi makato yashushwe zaidi watazame kwa jirani. Tanzania, LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu, ilipoweka ukomo wa asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisitisha huduma, na ikarudi mapema 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25. Kampuni inaweza kufunga virago. Dereva wa steji ya Malindi afunge aende wapi?

Na kigezo cha kutofautisha mji na mji tunacho tayari. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu ya mafuta, na bei ya Mombasa haiwi bei ya Mandera, kwa sababu kila mtu anaelewa kuwa umbali una gharama. Serikali ikiweza kukubali hivyo kwenye petroli iliyomo ndani ya tangi, sioni kwa nini ishindwe kwenye nauli ya gari lenye tangi hilo. Si lazima kazi hiyo ifanyiwe Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, pamoja na maegesho. Kaunti ya Kilifi inajua kutoza maegesho. Ingeweza pia kuwaita wenye steji, madereva wa programu na wenye hoteli, wakakubaliana bei ya chini na ya juu kwa njia chache kuu, yaani Watamu, Mambrui na Mombasa, moja ya msimu na moja ya masika, ikaandikwa kwa rangi pale nje ya uwanja wa ndege. Kampuni zitanung'unika kuhusu ile ya chini. Wazee wa steji watanung'unika zaidi kuhusu ile ya juu, na safari hii sitawatetea.

Ninachokihofia ni kile kitakachotokea tukiacha mambo yaende tu. Gari la programu halina steji ya kulinda. Masika yakikaza, Mombasa iko kilomita 120 tu, na dereva mwenye akili atakwenda kunakopakiwa. Ikiwa kufikia hapo steji itakuwa imekufa, jaribu kufungua simu saa tisa usiku mwezi wa Mei, mvua inanyesha, umo Mambrui na mkeo ameshikwa na uchungu.

Mimi kwetu namba ya dereva imeandikwa kwa makaa ukutani, juu ya mtungi. Si mara moja tumempigia usiku bila hata shilingi ndani ya nyumba, naye akaja na koti lake la mvua, akatufikisha, akasema tutaongea mwisho wa mwezi. Ana daftari la madeni kwenye kisanduku cha mbele cha gari, limevimba kwa unyevu. Jina la marehemu baba bado limo, na mimi ndiye ninayelilipa.