Siku Bunge Lilipounga Mkono Wangu

Chanzo ni godoro. Lile la zamani lilikuwa limeingia bonde katikati, kila nikisinzia najikuta nimebingirika hadi kwenye mbavu za mke wangu, naye hana subira na wavamizi. Usiku wa tatu wa kukesha nikihesabu mabati nikasema basi, kesho naenda Majengo sokoni.

Mwenye akili zake akinunua godoro anatafuta guta. Mimi nilichukua bodaboda. Mwezi Mei, Dodoma, upepo ule mnaoujua, mtu mzima nimekaa nyuma ya pikipiki nimekumbatia futi tano kwa sita iliyofungwa nailoni. Wala hatukuwa tumeondoka. Dereva alikuwa bado anajipapasa mifuko akitafuta ufunguo upepo ulipokuja. Godoro likawa tanga. Likaangukia kulia, mimi nikaangukia kushoto. Yaani nimebeba godoro zima halafu nimeangukia lami.

Bega la kushoto likachomoka. Sikujua kwamba bega linaweza kuhama kama mpangaji. Nilipapasa lilipokuwa nikakuta shimo, lenyewe limeshahamia upande wa kwapa.

Hospitalini nilipokelewa na dokta wa zamu, binti ambaye ningeweza kumzaa. Akasema litavutwa lirudi.

"Na maumivu, Dokta?"

"Tutakupa ketamini."

"Ndiyo nusu kaputi?"

"Si ile unayoijua, baba. Hutalala hasa. Utapumua mwenyewe, hata macho yanaweza kubaki wazi, ila utakuwa haupo."

"Nitakuwa wapi?"

"Hilo utatusimulia wewe."

Dawa hupimwa kwa uzito, akauliza kilo zangu. Nikasema sabini. Akatazama kitambi, akaleta mzani.

Kuvuta bega kunahitaji mtu wa kuvuta upande wa pili, na wahudumu siku hiyo walikuwa wachache. Basi dereva wangu wa bodaboda, aliyekuja kudai nauli yake, akapewa ncha mbili za shuka lililonizunguka kifua, akaambiwa: ukisikia vuta, vuta. Godoro aliliegesha kule nje barazani.

"Baba, fikiria mahali pazuri," dokta akasema huku ananyanyua sindano. Alieleza kwamba unachoingia nacho kichwani mara nyingi ndicho utakachokikuta huko. Nikajitahidi kufikiria ufukwe wa bahari. Mtu wa Nkuhungu ufukwe nautoa wapi? Nikahamia kwenye godoro. Lakini nje ya dirisha mlinzi alikuwa na redio yake, Bunge la bajeti liko hewani, na mheshimiwa mmoja anahitimisha: "... baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja."

Sindano ikaingia.

Wagogo husimulia kwamba mji huu ulipata jina kutokana na tembo aliyenasa matopeni. Idodomya, amezama. Nami nilizama vilevile, kwa kilo zangu zote nilizozikana.

Nilipoibuka nilikuwa ukumbini. Msiniambie ni ndoto. Ndoto ina ukungu, huku kulikuwa na viyoyozi. Na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa mkono wangu. Uko pale mezani kabisa, kwenye trei. Wanasimama mmoja mmoja: naunga mkono, naunga mkono, Mheshimiwa Spika naunga mkono kwa asilimia mia moja. Wanakaa. Mkono haujaungwa!

Nikasimama. "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Watu karibu mia nne wameunga mkono tangu asubuhi na mkono bado uko kwenye trei!"

Kuanzia hapa ushahidi ni wa dereva, kwa sababu kumbe maneno yale yalikuwa yanatoka kwa sauti. Anasema nilikuwa nimekodoa, macho yanatembea huku na huku kama ya mtu anayetazama mpira wa meza, na niliyekuwa namwita Spika ni sista aliyeshika kifundo changu akihesabu mapigo. Sista alionekana mzoefu. "Taarifa imepokelewa, Mheshimiwa," akajibu bila kunitazama. "Endelea kutulia."

Sikutulia. Nikashika shilingi.

Kwa wasiofuatilia: mbunge asiyeridhika na majibu ya waziri huzuia shilingi moja ya mshahara wa waziri huyo mpaka apewe maelezo. Mimi shilingi niliishika kwelikweli, inang'aa, nzito. Chumbani nilichoshika ni kile kipimo cha kusikilizia moyo kilichoning'inia shingoni mwa dokta. Ikawa dokta anavuta mkono wangu wa kushoto, mimi namvuta shingo kwa mkono wa kulia, na dereva anatuvuta wote wawili kwa shuka.

"Waziri atoe maelezo ya kina, ndipo nirudishe shilingi!"

"Serikali," dokta akasema, amekabwa, "imepokea ushauri."

Nikarudisha. Spika akahoji, wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyoooo! Meza zikagongwa ukumbi mzima, ko! Hiyo "ko" dereva naye aliisikia. Ndilo bega lilipoingia mahali pake.

Kwa hesabu yangu nilikaa humo kuanzia Aprili hadi bajeti inapita mwishoni mwa Juni. Saa ya ukutani ilisema dakika kumi na tano.

Dokta, akijisugua shingo, alinielimisha. Dawa ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, na mwaka 1964 ndipo watu wa kwanza wakachomwa. Daktari Edward Domino, aliyeisimamia, alimsimulia mkewe jinsi watu wanavyokuwa macho huku wametengana na miili yao, na neno la kitaalamu la huko kutenganishwa lilitoka kwa mama huyo, si maabara. Kinachotokea ni kwamba seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali iitwayo glutameti, na ketamini huziba mmoja wa milango ya kuipokelea. Bega linapiga simu, inaita tu. Redio inaingia, ila inapelekwa dawati lisilo lake. Na hospitali huipenda kwa sababu mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki, hivyo hata pasipo mashine nyingi kazi inafanyika.

"Dirisha tulipaswa kulifunga," akakiri. "Kelele huwa zinamfuata mgonjwa."

Nilitaka kumwomba radhi ya shingo, ila ulimi ulikuwa haujarudi wote. Simu ikaita, mke wangu, anauliza godoro nimenunua bei gani. Nikasikia kinywa changu kikimjibu kwamba swali hilo alilete kwa maandishi. Hiyo kesi bado haijaisha nyumbani.

Nikatoka mkono umefungwa shingoni, natembea kama naelea, dereva kanishika kiuno. Barazani godoro halikuwa limeegeshwa tena. Lilikuwa limelazwa chini vizuri kivulini, nailoni yake bado, na juu yake bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mtu, amejifunika kitenge, anakoroma. Usingizi wa kweli ule, usio na sindano. Nami sijaupata wiki nzima.

Nikaketi kwenye benchi.

"Mheshimiwa," dereva akaninong'oneza, "na nauli yangu? Shughuli za Bunge zimeahirishwa hadi saa ngapi?"

"Hadi bibi aamke."