Shangazi, Sponji na Bakteria Wangu

Tangi la lita 60 lilivuka kutoka Mokowe kwa mashua, likashuka bandarini Lamu likiwa zima. Kutoka hapo hamali alilibeba kichwani kupita vichochoro vya Mkomani, kwa sababu mwenye punda alilitazama mara moja akasema kioo hakifungwi kwenye shogi. Magharibi haijaingia, lilikuwa limesimama sebuleni na mchanga wake, pampu yake ya hewa, sponji lake la kuchujia na taa. Kila kitu kilikuwamo isipokuwa samaki.

Ami yangu, ambaye amevua tangu kabla sijazaliwa, alikuja kuangalia.

"Samaki wako wapi?"

"Bado, ami. Kwanza nafuga bakteria."

Akayatazama maji, akanitazama mimi, akamgeukia mama. "Shemeji, huyu mmempeleka kwa daktari?"

Nilimweleza taratibu. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na amonia hiyohiyo ndiyo humuua. Baharini inapotea, lakini ndani ya tangi haina pa kwenda. Basi wapo bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia mradi maji yapunguzwe na kuongezwa mengine kila baada ya muda. Hawa bakteria hawaogelei ovyo majini. Wanajishikiza kwenye mchanga, kwenye kioo, na zaidi kwenye sponji, na kuwakuza huchukua kama wiki 4 hadi 6.

"Na hao samaki wakija," akasema ami, "wataliwa kwa nazi au wa kukaanga?"

"Hawaliwi. Ni wa kutazama."

Alivaa viatu akaondoka. Kabla ya isha barza nzima ilikuwa na habari kwamba kijana wa fulani ameleta sanduku la kioo kutoka Mombasa ili afuge vijidudu. Tangu siku hiyo naitwa Bwana Wadudu, na aliyenibandika jina ni mtu aliyefuga kasa kwenye karai.

Sasa bakteria lazima wale, na kama samaki hawapo, amonia itoke mahali pengine. Njia rahisi kwetu ni kamba aliyekufa. Unamfunga kwenye kitambaa chepesi, unamtumbukiza, anaoza polepole, kazi inaendelea. Ilivyoandikwa inapendeza. Ilivyonuka ni habari nyingine. Paka wa Lamu hawahitaji barua ya mwaliko. Siku ya pili walikuwa wamejipanga dirishani kwa adabu kama wanaosubiri biriani, na mmoja, wa rangi ya machungwa, aliingia kabisa akakaa mbele ya kioo akikitafakari kile kitambaa. Mama akaanza kufukiza udi asubuhi na jioni. Nyumba ikawa inanukia nusu harusi, nusu bandari.

Kulikuwa na suala la vipimo pia. Kila baada ya magharibi nilichota maji kwenye vichupa vyembamba, nikadondosha dawa, nikatikisa, nikanyanyua kwenye taa. Amonia ikiwa hakuna, rangi ni manjano. Ikiwapo, inakwenda kijani. Nitriti ikiwa hakuna ni buluu, ikiwapo inageuka zambarau. Usiku mmoja nimekinyanyua kichupa cha manjano, nimefurahi peke yangu, mama akasimama mlangoni akajishika kifua.

"Mwanangu, tangu lini una sukari?"

Rangi zilikaa zambarau kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu zikaanza kushuka, na jioni moja vichupa vikatoka manjano na buluu, safi, hata nilipotia kamba mpya nikapima tena kesho yake. Nikapiga simu Mombasa. Gapi, visamaki vidogo vya kutazama, madume mekundu na majike kadhaa, watiwe kwenye mfuko wenye oksijeni, wapandishwe basi. Wiki hiyohiyo, kwa vile Mfungo Sita ulikuwa umeandama na watu wanamiminika mjini kwa Maulidi, shangazi yangu akaja kutoka Faza.

Shangazi ni mtu mwema, na usafi wake unajulikana kisiwani Pate kote. Mimi nilikwenda Mokowe kupokea mzigo, nikarudi na mfuko kifuani, gapi wote hai, nikavuka kizingiti nikitabasamu.

Tangi lilikuwa linang'aa.

"Nimekusafishia," alisema shangazi kutoka jikoni. "Masikini, hukuwa na nafasi. Mlikuwa na kamba ameoza humo ndani, mwanangu! Amefungwa kabisa kwenye kitambaa. Nani kamfanyia mama yako uchawi huu?"

Mchanga ulikuwa umeoshwa kwa sabuni ya unga. Kioo kilisuguliwa kwa dawa ya madoa, kisha, ili kuondoa harufu, kikapitishiwa marashi ya mawaridi. Na sponji, makao makuu ya bakteria wangu, lilikuwa juu ya paa linaanikwa jua la adhuhuri, jeupe kuliko siku nililonunua.

Sikusema neno. Utamwambia nini shangazi yako aliyepiga magoti kwenye sakafu yenu tangu asubuhi? Nilisimama na mfuko wangu. Bibi, aliyekuwa amelala kitandani akisikiliza, akasema bila kufumbua macho:

"Watie birikani, mle mwenye maji ya kuoga."

"Bibi, birika halijaandaliwa. Hawa wana utaratibu."

"Njoo nao huku." Akainuka, akanitangulia chooni. "Sisi tuliwaweka visamaki birikani siku zote, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Unaona lile bakuli la kaure chini? Mai yakipungua, wanakaa humo hadi mtu ajaze. Kamba hajaoza hata mmoja."

Nilipiga hesabu haraka. Maji ya kisima, hayana klorini, na ni magumu, yaani yana madini mengi, jambo ambalo gapi analipenda. Kuta za chokaa zenye utelezi wa kijani, yaani miaka na miaka ya bakteria waliojenga bila kusumbuliwa na Bwana Wadudu yeyote. Na maji mengi kwa samaki wachache. Nikauweka mfuko uelee juu ya maji hadi joto lilingane, nikawachanganyia kidogo kidogo, nikawaachia. Walitawanyika kama wenye nyumba.

Kasoro ni kwamba hakuna aliyekumbuka kumwambia shangazi. Alfajiri aliingia kuoga gizani, akachota kata ya kwanza, akajimwagia kichwani. Ukelele uliofuata uliwatoa majirani kabla ya adhana. Dume mmoja mwekundu alikuwa amekwama kwenye kanga yake anarukaruka. Tulimwokoa yule gapi. Shangazi alichukua muda zaidi.

Tangi, kwa sasa, limechukuliwa na mama. Taa inapasha joto kidogo na kifuniko kinazuia nzi, kwa hiyo mahamri ya wageni wa Maulidi yanakaa humo, na nakiri yanapendeza. Lakini sikukata tamaa. Njia ya mkato ya kulikuza sponji jipya ni kuliweka mahali ambapo bakteria tayari wapo, wahamie wenyewe. Nikalifunga uzi, nikalizamisha birikani, pembeni kabisa, nikawa nalitazama kila siku likianza kupata ule utelezi mzuri.

Jana shangazi alitoka kuoga, amechangamka, anaburudika na upepo.

"Lile sponji la uzi umelinunua wapi?" akaniuliza. "Linasugua mgongo vizuri! Lilikuwa na utelezi, lakini nimelipiga sabuni, limetakata. Liko juu, kwenye jua."