UPS mbili sambamba, na kengele iliyozibwa kwa selotepu

Ubishi kuhusu kufunga UPS mbili (mashine zenye betri zinazoshikilia umeme gridi ikikatika) sambamba badala ya moja kubwa huanzia kwenye bei na mara nyingi huishia hapohapo. Wanaotetea wana hoja nzito. Mashine mbili za kVA 10 (kipimo cha uwezo wa umeme) zikigawana lodi, yaani mzigo wa vifaa, ya kVA 7, kila moja inabeba 3.5, moja ikizima, mwenzake anaibeba yote na seva hazijui kilichotokea. Hata matengenezo unayafanya mchana, kazi zikiendelea. Wanaopinga nao hawakosi la kusema: mashine hizo lazima ziwe za aina moja, zifuatane wimbi kwa wimbi kwenye hezi 50, na umeme wake unakutana kwenye breka moja, yaani swichi ya kukata umeme. Breka hiyo ikiungua, umenunua mapambo mawili.

Mimi niko na wa sambamba, ila lodi inanitia wasiwasi kuliko breka. Lodi hukua kimyakimya. Leo seva mpya, mwakani swichi za mtandao, halafu mtu anachomeka friji bila kuuliza. Ikifika kVA 12, kioo cha kila mashine kinaonyesha asilimia 60, taa ya kijani, bosi ameridhika. Lakini moja ikizima, iliyobaki inadaiwa asilimia 120. Itavumilia kidogo, kisha itaisukuma lodi kwenye baipasi, yaani moja kwa moja kwenye umeme wa gridi. Na kama gridi yenyewe imekatika saa hiyo?

Tena, UPS ikiwa moja, ikifa kila mtu anajua. Zikiwa mbili, ya kwanza inakufa bila mtu kuhisi chochote. Ndiyo maana kontakti za kengele zile ndogo za nyuma ya mashine, zinazofunga au kufungua saketi tu, si nyongeza ya hiari. Wapo wanaoziona za kizamani: kadi ya mtandao inatuma ujumbe wenye maelezo kamili hadi kwenye simu. Kweli, lakini ujumbe huo unapita kwenye swichi na ruta. Zikizima nazo, hautoki. Waya mbili hadi kibanda cha mlinzi hazihitaji nywila. Zifungwe tu kwa namna ambayo saketi inakuwa imefungika mambo yakiwa shwari, ili panya akikata waya, king'ora kilie.

Hata hivyo waya pekee hautoshi. Katika hospitali moja nilikuta UPS moja kati ya mbili imezima, tangu lini hakuna aliyejua. King'ora kibandani kilikuwa kimezibwa kwa selotepu. "Fundi, hicho kinalia bure kila usiku," mlinzi aliniambia. Alikuwa sahihi. Aliyefunga alikusanya kengele zote kwenye waya mmoja: umeme ukiyumba sekunde mbili, king'ora, mashine ikifa, king'ora kilekile.

Tulizitenganisha. Umeme kukatika sasa kunawasha taa ya njano tu. Hitilafu, betri kuisha na kuhamia baipasi ndivyo vinavyopiga king'ora, na namba ya simu ya fundi wa zamu imebandikwa ukutani chini yake. Tulizima mashine moja kwa makusudi tukasubiri. Mlinzi alipiga simu kabla hatujamaliza kukunja kebo.