Hataza za picha: kwa kioo sawa, kwa hesabu hapana

Vijana wanaotengeneza katuni na picha za 3D hapa Bagamoyo, wengi wao wakiwa wamepitia TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, au wana rafiki aliyepitia, wana ubishi usioisha. Kundi moja linasema tunabaki watumiaji tu kwa sababu hatusajili tunachobuni: ukigundua njia mpya ya kuchora mawimbi kwenye kompyuta, wahi BRELA, wakala wa serikali wa usajili, ukachukue hataza kabla mtu wa ng'ambo hajakutangulia. Kundi la pili linasema hataza ni uzio wa matajiri, kila kitu kiachwe huru. Nimewasikiliza wote, na naona wanabishania vitu viwili kana kwamba ni kimoja: vifaa, kama vioo vya kuonyeshea picha, na hesabu ambazo kompyuta hutumia kuichora.

Hataza yenyewe ni mapatano. Unaeleza uvumbuzi wako hadharani, na serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine wasiutumie bila ruhusa yako, kwa kawaida kwa miaka 20. Muda ukiisha, ni mali ya wote.

Kwenye vioo, mapatano haya nayaelewa. TV za chogo zimetoweka kwenye vibanda umiza kwa sababu watu walikubali kumwaga fedha kwenye utafiti ambao ungeweza kuishia patupu. Chukua taa ya LED ya bluu. LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini bila bluu hupati mwanga mweupe, ule unaowaka nyuma ya kioo cha TV flati. Ilichukua miaka thelathini hivi kupata bluu yenye mwanga mkali. Shuji Nakamura, mhandisi wa kampuni ya Nichia huko Japani, aliifikisha sokoni mwaka 1993 baada ya kuhangaika na mashine alizokuwa akizifumua na kuziunda upya kwa mikono yake. Kama jirani angeruhusiwa kuiga siku ya pili yake, sijui ni mwajiri gani angegharamia kazi ya namna hiyo.

Ila vijana wa kundi la kwanza waisome habari hii mpaka mwisho. Hataza ilikuwa ya kampuni. Nakamura alipewa zawadi ya yen 20,000, fedha isiyotosha hata kununua TV yenyewe. Alikwenda mahakamani, na Januari 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yen bilioni 20. Mwaka uliofuata, kwenye rufaa, wakapatana kwa yen milioni 840 hivi. Nobel ya Fizikia aliipata 2014, pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Kilichompa nguvu ya kudai ni kifungu cha sheria ya Japani kinachomtaka mwajiri amlipe mvumbuzi malipo yanayostahili. Kwa hiyo ukiajiriwa na kampuni ya matangazo Dar, kabla hujaulizia hataza, soma mkataba uliotia sahihi.

Sasa njoo kwenye hesabu, na hapa ndipo ninapoachana na kundi la kwanza. Tuseme unachora magofu ya Kaole: mnazi uko mbele, ukuta wa msikiti nyuma yake. Kompyuta haijui mbele ni wapi. Njia aliyoieleza Ed Catmull kwenye tasnifu yake Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1974, ni nyepesi mpaka unashangaa: kwa kila nukta ya skrini, weka kumbukumbu ya rangi na ya umbali. Ukuta unachorwa, nukta inashika rangi ya mawe na umbali wa mita 12. Mnazi unakuja na mita 5. Tano ni pungufu ya kumi na mbili, rangi ya ukuta inafutwa. Kikija kitu cha mita 20, kinatupwa. Basi. Michezo ya 3D kwenye simu mpaka leo inaegemea hesabu hiyo. Chuo hicho hicho ndiko Henri Gouraud na Bui Tuong Phong walikoeleza namna ya kulainisha mwanga kwenye maumbo. Waliandika, watu wakasoma, wakajenga juu yake.

Linganisha na yaliyoipata GIF, aina ya faili la picha. Kampuni ya CompuServe iliitoa 1987, na ndani yake kulikuwa na LZW, njia ya kubana data: badala ya kuandika buluu ya anga mara mia, inajitengenezea orodha ya vipande vinavyojirudia na kuviita kwa namba. Kumbe LZW ilikuwa na hataza ya Marekani tangu 1985, ikaishia mikononi mwa kampuni ya Unisys. Desemba 1994, GIF ikiwa imeshaenea kila kona, watengenezaji wa programu wakaambiwa walipe leseni. Miezi michache baadaye kikundi cha watu waliokasirika kikabuni PNG, aina nyingine ya faili la picha, ambayo kwa picha zisizotembea ni bora zaidi. Wapo wanaosema basi hataza ilizaa kitu kizuri. Hiyo ni sawa na kumshukuru mwizi kwa kuwa amekufundisha kununua kufuli. Hataza ile iliisha Marekani Juni 2003.

Lakini kuna mahali upande wa hataza unanibana. H.264, mfumo wa kubana video uliokamilishwa 2003, ni hesabu pia, nao una hataza chungu nzima. Waliozikusanya waliweka ada ndogo, isiyozidi senti 20 za dola kwa kifaa, na matokeo yake video inacheza kwenye karibu kila simu iliyoko sokoni. Utafiti ule ulikuwa mkubwa, na sidhani ungefanywa na wanafunzi wa tasnifu peke yao. AV1, mfumo mwingine wa kubana video wa mwaka 2018, walioutengeneza hawautozi ada, kweli, ila nyuma yake wako Google, Amazon na Netflix, ambao wana njia nyingine za kurudisha gharama. Hoja hiyo sina jibu kamili la kuizima.

Ninachoweza kusema ni kwamba haituhusu sana sisi wa huku. Hataza haivuki mpaka yenyewe. Ya BRELA inakulinda Tanzania Bara. ARIPO, shirika la kikanda la hakimiliki za uvumbuzi, inakupeleka nchi kadhaa za Afrika. Marekani na India ni maombi mengine na mawakili wengine. Studio ya Mumbai ikiiga njia yako ya kuchora mawimbi, karatasi ya hapa haiwazuii. Na vijana hawa hawa wanaotaka kusajili kila kitu wanafanyia kazi Blender, programu ya picha za 3D iliyokombolewa na kuachwa huru mwaka 2002 kwa mchango wa euro 100,000 wa watumiaji wake, ambayo imejaa hesabu za akina Catmull na Phong.

Katuni yenyewe, wahusika wake na michoro yake, inalindwa na hakimiliki tangu inapotengenezwa, bila ada ya hataza. Wanaoibiwa hapa mjini wanaibiwa hiyo, na wengi hawana hata mkataba wa kuonyesha kazi ni ya nani. Mwenye kifaa ndiye wa kwenda BRELA, tuseme kioo kinachosomeka kwenye jua la saa saba pale soko la samaki. Naye aende kabla hajakirusha mtandaoni, maana uvumbuzi ulioonekana hadharani unaweza kunyimwa hataza kwa kuwa si mpya tena.